Mpwa wangu anapanda barabara ya Chunya bila kuteremka kwenye baiskeli, je hiyo inaweza kuwa kazi?

Swali lenyewe kwa kifupi: ndugu mmoja wa Mbeya ana mpwa wa miaka 17, kijana ana baiskeli ya mbio ya mtumba, kila Jumamosi anapanda barabara ya Chunya mpaka juu kabisa halafu anarudi, wenzie wote anawaacha huko nyuma, na sasa kasema akimaliza shule anataka kuwa kama Chris Froome, mpandaji wa kulipwa, yaani mwendesha baiskeli wa mbio ambaye sifa yake ni milimani. Mjomba mtu anauliza kazi hiyo ipo kweli au ni ndoto za kwenye simu, inaendaje, na kijana asaidiwe vipi.

Mjomba salama, shikamoo kama umenizidi na marahaba kama nimekuzidi. Kazi ipo. Ila sio ile kijana anayoifikiria, na afadhali nikwambie ukweli wote hata kama utachukua jioni nzima kuusoma, maana mimi nafundisha vijana baiskeli hapa Arusha na kila mwaka naletewa mmoja kama huyo wako, mwembamba, mapafu kama kiriba, mlimani anaruka kama swala, halafu ukimpeleka kwenye mbio za kweli zenye watu mia anaachwa kilomita ya 20 kwenye tambarare, hata mlima wenyewe hajauona.

Kwa kuwa kamtaja Froome tuanze na huyo huyo, maana amezaliwa hapa jirani, Nairobi mwaka 1985, na watu wengi wanaijua nusu tu ya habari yake. Hakuokotwa na timu ya Uingereza akiwa mtoto. Alianzia kwa David Kinjah, yule mwendeshaji Mkenya wa rasta, pale kijijini Kikuyu nje ya Nairobi, ambako Kinjah alikuwa na vijana wake wanalala pale pale, wanatengeneza baiskeli wenyewe, wanapanda na kushuka vilima vya kule kuelekea Bonde la Ufa. Mtoto wa Kizungu anawafukuzia wakubwa, anaachwa, anafukuzia tena. Akiwa na miaka kama 14 akapelekwa shule Afrika Kusini, lakini akaendelea kuhesabika Mkenya kwenye baiskeli, na mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne. Mwaka huo huo akataka kwenda mashindano ya dunia ya vijana kule Salzburg, chama hakikumwandikisha, basi jamaa akaingia kwenye imeili ya kiongozi wa chama akajiandikisha mwenyewe! Akafika, siku ya mbio ameanza tu hata hajafika mbali akamgonga mwamuzi barabarani wakaanguka wote wawili. Huo ndo mwanzo wa mtu aliyekuja kushinda Tour de France, zile mbio kubwa za wiki tatu za Ufaransa, mara nne. Mwambie kijana hiyo, atacheka na itamsaidia.

Sasa hesabu, maana kupanda mlima ni hesabu kabla haijawa moyo. Kwenye tambarare adui yako ni upepo, na upepo haujali sana kama una kilo 60 au 80, mwenye misuli mikubwa anashinda. Mlimani adui ni uzito wako mwenyewe, unabeba mwili wako na chuma unavipeleka juu, kwa hiyo kinachohesabika sio nguvu zako tu ila nguvu ukigawa kwa kilo zako. Wenyewe wanapima kwa wati kwa kilo. Mtu wa kawaida mwenye afya akikaza nusu saa anatoa wati 2 na kitu kwa kila kilo, kijana mzuri wa mtaani anafika 4, na wale wanaopigania Tour wanaenda kwenye 6 na zaidi, tena sio asubuhi wakiwa wamelala vizuri, ni baada ya saa nne au tano za kuendesha, na kesho yake tena.

Froome alipimwa maabara mara mbili na namba zikawekwa hadharani, na hapo kuna somo kubwa sana. Mara ya kwanza ni 2007 kule Uswisi, alikuwa na kilo 75.6 na uwezo wa kuvuta oksijeni mililita 80.2 kwa kila kilo kwa dakika. Mara ya pili 2015 London, baada ya kushinda Tour mbili, alikuwa kilo 69.9 na namba ikawa 84.6, na uwezo wake wa kukaza kati ya dakika 20 na 40 ukawa kama wati 419, yaani karibu 6 kwa kilo. Akiwa kwenye Tour yenyewe uzito ulikuwa unashuka mpaka kama 67. Unaona? Injini alikuwa nayo tangu 2007 na hakuna aliyekuwa anamjua, kilichobadilika zaidi ni mzigo. Kati ya hizo tarehe mbili kuna miaka minne mizima ya kuwa mtu wa kawaida tu: 2008 aliendesha Tour yake ya kwanza akamaliza wa 84, 2010 akatolewa Giro d'Italia, mbio kama hizo za Italia, kwa kushikilia pikipiki kwenye mlima Mortirolo, na mwisho wa 2010 ndo wakagundua ana kichocho! Kichocho hiki hiki chetu, cha maji ya mito na mabwawa, kinamnyonya damu na mwenyewe anashangaa leo ana nguvu kesho hana. (Mjomba, kabla ya kununua kifaa chochote cha dola, mpeleke kijana akapimwe kichocho na minyoo na wingi wa damu. Sitanii. Nimewahi kumfundisha kijana miezi sita nikidhani mvivu kumbe damu iko chini.)

Akaja kuokolewa na mbio moja. Vuelta a España ya 2011, mbio za wiki tatu za Hispania, mkataba wake unaelekea ukingoni, matokeo hana, aliwekwa kwenye timu dakika za mwisho, kazi yake ilikuwa kumsaidia Bradley Wiggins. Akamaliza wa pili, sekunde 13 tu nyuma ya Juan José Cobo, na ukiangalia milima ile utaona siku kadhaa alikuwa anamvuta bosi wake badala ya kukimbia mwenyewe. Miaka minane baadaye, 2019, Cobo akafutwa kwa makosa ya dawa kwenye damu na Froome akapewa ushindi ule, wakati huo yeye mwenyewe anauguza mifupa iliyovunjika. Nitarudi hapo.

Hii ya kumvuta bosi ndo kitu kijana wako lazima akielewe kabla ya vyote. Mpandaji kwenye timu kubwa kazi yake ya kwanza sio kushinda. Ni kukaa mbele ya kapteni wake mlimani, kukata upepo, kupandisha mwendo mpaka wapinzani wapumue kwa mdomo, halafu yeye akizima kama taa anasogea pembeni anapanda polepole peke yake na hakuna kamera inayomtazama. Watu wanauliza kukinga upepo mlimani kuna faida gani, mwendo si mdogo? Kwenye tambarare ukiwa ndani ya kundi kwenye kilomita 45 kwa saa unaokoa theluthi ya nguvu au zaidi, mlimani kwenye 20 unaokoa kidogo, ndio, lakini hicho kidogo kwa dakika 40 ndo kinachotenganisha wa kwanza na wa tano. Na kuna faida ya kichwa pia, unafuata tu tairi ya mwenzio hufikirii. Mwaka 2012 Froome alikuwa na miguu kuliko Wiggins, dunia nzima iliona pale kwenye mlima wa La Toussuire, akachomoka, redio ikaongea sikioni, akapunguza akasubiri. Wiggins akashinda Tour, Froome wa pili. Mwaka uliofuata zamu yake ikafika. Wengine zamu haifiki kamwe wanastaafu wakiwa wabeba chupa, na wanalipwa vizuri tu, na mimi siwaonei huruma hata kidogo, ni kazi ya heshima.

Sasa niseme kitu ambacho kwa maoni yangu ndo jibu lenyewe la swali lako. Tour ya 2015. Wapandaji wawili wakubwa wa wakati ule, Froome, na Nairo Quintana wa Colombia, kijana wa Cómbita kule Boyacá, mtoto wa wakulima, amekulia juu sana kwenye hewa nyembamba, mfupi, hafiki kilo 60, ukimchora mpandaji utamchora yeye. Steji ya pili, yaani mbio za siku ya pili, ilikuwa Uholanzi kwenda Zeeland, nchi tambarare kama meza, ukuta wa bahari, hakuna hata tuta. Upepo wa ubavuni ukapiga, kundi likakatika vipande, Froome yupo kipande cha mbele Quintana yupo cha nyuma. Dakika 1 na sekunde 28 zikaenda. Halafu wakazunguka Ufaransa wiki tatu, Froome akampiga mara moja kwenye milima ya Pyrenees pale La Pierre-Saint-Martin, Quintana akarudi kwenye Alps mwishoni, siku ya mwisho kabla ya Paris akachomoka kwenye Alpe d'Huez, kona 21, kilomita karibu 14 za kupanda kwa wastani wa asilimia 8, akamwacha Froome kwa dakika 1 na sekunde 20, mwenzie anakohoa anakaribia kufa pale. Jumla ya mwisho Paris: Froome kashinda kwa dakika 1 na sekunde 12.

Ondoa ile 1:28 ya upepo kwenye hiyo 1:12, Quintana anashinda kwa sekunde 16. Kapteni wa wapandaji kapoteza Tour de France ufukweni.

Ndo maana kijana akiniambia kocha mimi wa milima tu, namwambia basi wewe sio wa kitu. Kwenye mbio za siku 21 milima mikubwa ni siku saba au nane hivi, siku nyingine ni za upepo, kona, mvua, watu 170 barabara nyembamba, mzunguko wa mji wenye vituta na visiwa vya barabarani, na mpandaji mwepesi kila siku hizo anatumia nguvu nyingi kuliko wale wakubwa ili tu asiachwe. Froome alishinda kwa sababu mwili mrefu wa mita 1.86 ulimpa pia mbio za kukimbia peke yako na saa, ambazo wapandaji wadogo wanazichukia, na kwa sababu alijifunza yale yasiyomjia. Alikuwa anachekwa kushuka. Basi Tour ya 2016 akapanda mlima Peyresourde na wenzie, juu kileleni kila mtu anavuta pumzi na kuchukua chupa, yeye akachomoka kushuka, kakaa juu ya bomba la fremu, kidevu kwenye usukani, anakanyaga pedali katika mkao ule mbaya kama chura, akashinda steji na jezi ya njano, ile ya anayeongoza mbio. Siku nne baadaye upepo Montpellier, akachomoka tena na Peter Sagan kwenye tambarare! Mpandaji huyo. (Ule mkao wa kukaa juu ya fremu siku hizi umepigwa marufuku, kijana asiuige, na barabara ya Chunya na malori yake ndo kabisa.)

Mwaka huo huo ndo alikimbia kwa miguu. Mont Ventoux, tarehe 14 Julai, kilele kilikuwa na upepo wakashusha mwisho wa mbio mpaka Chalet Reynard, mashabiki wote wakajazana chini, pikipiki ikasimama ghafla, Richie Porte akaigonga na Froome juu yake, baiskeli ikavunjika, gari la timu halionekani, jamaa akaanza kukimbia juu mlimani na viatu vya baiskeli, tki tki tki, ndani ya jezi ya njano. Kijana bila shaka ana hiyo video kwenye simu. Mimi nilikuwa naangalia nikamwaga chai.

Kula. Hapa Watanzania tunakosea sana kwa sababu tunadhani mpandaji ni mtu wa kushinda njaa. Mlimani unachoma sukari kama lori linavyokunywa dizeli likiwa Kitonga, na mwili hauna tenki kubwa, ukiacha kula saa moja na nusu tu ya kukaza umekwisha. Tour ya 2013, Froome ana jezi ya njano, anapanda Alpe d'Huez mara ya pili siku hiyo hiyo, sukari ikakata, akainua mkono kama mtoto anayeomba ruhusa darasani, Porte, mwenzie wa timu, akarudi nyuma kwenye gari akamletea jeli ya sukari, na kwa kuwa ilikuwa ndani ya kilomita za mwisho zisizoruhusiwa wakapigwa adhabu ya sekunde 20. Akailipa kwa furaha, bila ile jeli angepoteza dakika. Siku hizi waendeshaji wakubwa wanakula gramu 90 mpaka 120 za wanga kila saa wakiwa juu ya baiskeli, na tumbo linafundishwa kama mguu unavyofundishwa. Kijana hana hela ya jeli, sawa, maji ya sukari na chumvi kidogo, ndizi mbivu, kashata, viazi vitamu vya kuchemsha, vyote vinapanda mlima. Ila asipande na chai kavu.

Na kuhusu kupungua: nimekwambia Froome alitoka 75 akaenda 67, najua kijana akisoma hiyo ataacha ugali kesho. Usimruhusu. Yule alikuwa mtu mzima mwenye daktari, na hata kwa watu wazima wenye madaktari mchezo huu umeharibu wengi, mifupa inakuwa myepesi, homoni zinashuka, wengine wanaanza kuogopa chakula kabisa. Kijana wa miaka 17 bado anarefuka. Huyu wako kazi yake sasa ni kula, kulala na kukua, uzito utajipanga wenyewe.

Umeuliza pia hela. Mshindi wa Tour anapata euro 500,000 na kwa desturi hazikai mfukoni mwake, zinagawanywa kwa timu nzima, yeye anaishi kwa mshahara na matangazo. Mshindi wa jezi ya madoadoa mekundu, ile ya mfalme wa milima, anapata 25,000. Timu zipo ngazi tatu, ya juu kabisa zipo 18 na huko kuna mshahara wa chini uliowekwa, mtu anaishi na anajenga. Ngazi ya tatu kuna timu nyingi ambazo kijana anaendesha kwa baiskeli na nauli na chakula tu, hata mshahara hakuna, na huko ndo Waafrika wengi wanakwama, maana matokeo yakiwa madogo visa inachelewa, visa ikichelewa mbio zimepita, mbio zikipita matokeo hakuna.

Halafu jezi yenyewe ya milima haivaliwi kila mara na mpandaji bora, hii watu hawajui. Inahesabiwa kwa pointi juu ya kila kilima chenye daraja, kwa hiyo mjanja anaweza kutoka na kundi dogo mapema akaziokota kabla wakubwa hawajaamka. Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alifanya hivyo 2015, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuivaa Tour de France, tena aliipata kwenye vilima vya kawaida vya kaskazini na sio kwenye Alps. Asmara iliwaka moto wa furaha. Akili ile ni ya kusoma sheria na ramani, haihitaji wati 6.

Dawa nitapita haraka, sio kwa sababu ni jambo dogo. Milima ndo sehemu ya baiskeli iliyochafuka zaidi, kwa sababu pale tofauti ya damu inaonekana kwa macho. Marco Pantani, Mtaliano mdogo wa kichwa cha upara, alishinda Giro na Tour zote mbili 1998, mwaka uliofuata akatolewa Giro akiwa anaongoza, pale Madonna di Campiglio, damu yake imezidi kipimo, hakurudi sawa tena, akafa peke yake hotelini Rimini 2004 akiwa na miaka 34. Quintana kafutiwa matokeo ya Tour ya 2022 kwa tramadol, dawa ya maumivu tu. Froome naye alikutwa na kiwango kikubwa cha dawa ya pumu kwenye Vuelta ya 2017, kesi ikachukua miezi, ikafungwa Julai 2018 bila adhabu, na wapo mpaka leo wasioridhika. Kijana akipewa sindano ya "vitamini" na mtu yeyote kwenye mbio, akupigie simu wewe kwanza.

Kilele cha Froome kilikuwa siku moja ya Mei 2018. Giro, steji ya 19, yuko nyuma dakika 3 na zaidi, kila mtu kamfuta. Zimebaki kilomita 80, kwenye Colle delle Finestre, nusu ya juu ni vumbi na changarawe, anachomoka peke yake. Watu wanaimba moyo, moyo, mimi nakwambia ilikuwa jiko. Timu iliwapanga watu wake kando ya barabara kila baada ya dakika kadhaa wakiwa na chupa na chakula ili asibebe kitu, mgawo wa kila kilima umeandikwa kabla. Simon Yates aliyekuwa anaongoza akapoteza dakika 38 siku moja. Froome akachukua Giro, akawa ameshika Tour, Vuelta na Giro kwa pamoja. Na mchezo huu una visa vyake, miaka saba baadaye, 2025, Yates akarudi mlima ule ule wa Finestre akachomoka yeye, akachukua Giro siku moja kabla ya mwisho.

Froome hakushinda tena baada ya pale. Juni 2019 yuko Roanne anakagua njia ya mbio, upepo ukashika tairi la mbele kwenye mteremko akagonga ukuta, paja, kiwiko, mbavu, vyote vikavunjika. Alirudi, mwaka 2022 akamaliza wa tatu Alpe d'Huez na nilipiga makofi peke yangu sebuleni, lakini hakuwa yule. Ukipiga mahesabu, kutoka Vuelta ya 2011 mpaka Giro ya 2018 ni miaka saba. Hiyo ndo kazi nzima ya mpandaji mkubwa kuliko wote waliotoka upande wetu huu, miaka saba ya mavuno, mingine kabla ni kulima na mingine baada ni kuuguza. Shule asiache, nadhani umeelewa kwa nini.

Sasa tufanye kazi. Kwanza tujue kijana ana nini. Mwambie achague kipande kimoja cha barabara ya Chunya chenye mwinuko usiokatika wa dakika 25 mpaka 35, apime kwa simu mita ngapi amepanda kwenda juu, sio urefu wa barabara, na amechukua muda gani, akiwa amepumzika na siku haina upepo. Geuza iwe mita kwa saa. Kwa mfano kapanda mita 500 kwa nusu saa, hiyo ni 1,000 kwa saa, kwenye mwinuko wa asilimia 8 hivi hapo yuko kama wati 3.6 kwa kilo, kijana mzuri lakini wapo wengi. Akigonga 1,200 nitakaa vizuri kwenye kiti, ni 4.3 hivi, na kwa kuwa Mbeya mnaanzia mita kama 1,700 juu ya bahari na hewa imeanza kupungua, pwani angetoa zaidi. Wakubwa wanapanda 1,600 mpaka 1,800. Akikwambia amefika huko basi simu yake imekosea, apime tena.

Pili, nataka Jumamosi mbili kwa mwezi asipande kabisa. Atafute wenzie hata watano, hata wenye baiskeli za gia moja, waendeshe tambarare za Usangu kwa zamu, mkono kwa mkono, tairi nyuma ya tairi. Kama kuna nauli, mpeleke Kanda ya Ziwa kwenye mbio za Wasukuma, wale wanakimbia na baiskeli za chuma kizito kwenye vumbi na watampiga vibaya mno, na hicho ndo ninachotaka, apigwe na watu wanaojua kukaa kwenye kundi. Aliyetoka juu ya mlima lazima ajifunze upepo kwa watu wa tambarare.

Tatu, ajiandikishe chama cha baiskeli apate leseni, maana bila leseni haendi hata Rwanda, na Rwanda ndo mlango wetu. Wale jamaa wana Tour du Rwanda kila mwaka na timu za Ulaya zinakuja, na Septemba 2025 waliandaa mashindano ya dunia ndani ya Kigali, kilomita 267 na mita zaidi ya 5,000 za kupanda, Tadej Pogačar akashinda na waliomaliza ni 30 tu kati ya mia na sitini na kitu. Makocha wanaotafuta wapandaji wanaangalia huko, hawaji Chunya.

Helmeti anayo? Hukuitaja. Breki za mbele ziwe na raba mpya, na kushuka Chunya asifukuzane na basi. Nitumie zile namba mbili, mita na dakika, na uzito wake asubuhi kabla ya kula, halafu tuongee kuhusu gia, maana kwa picha uliyotuma ile ringi ya mbele ya mnyororo ni kubwa mno na magoti yake ndo yanailipa.